Namna ya Kupanga Mandari ya Familia Katika Mabonde ya Zigi na Pangani

Mkoa wa Tanga umejaliwa mabonde mawili ambayo familia inaweza kuyatembelea bila kuwa na gari la fahari wala likizo ndefu. La kwanza ni bonde la Mto Zigi, ambao huchipuka katika misitu ya Usambara Mashariki, ukateremka kupitia Muheza na kuingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa jiji la Tanga. La pili ni bonde la Mto Pangani, ambao husafiri kiasi cha kilomita 500 kutoka kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru hadi mji wa kale uliopewa jina lake. Mwongozo huu unamlenga mtu anayetoka na watoto, pengine na bibi au babu, na anayetaka warudi jioni wakiwa wamechoka kwa furaha na si kwa karaha. Rai ninayoishikilia ni moja: katika mabonde haya ratiba hupangwa na maji, yaani mvua, kina cha mto na kupwa na kujaa kwa bahari, na mwendo hupangwa na yule aliye dhaifu kuliko wote katika msafara. Anayetaka kuona mapango ya Amboni asubuhi, magofu ya Tongoni mchana na mji wa Pangani jioni, kwa kuwa kwenye ramani mahali hapo panaonekana pamoja, ataishia kuwaonyesha watoto viti vya gari. Siku moja ipewe mahali pamoja, na pakizidi pawe pawili palipopakana.

Kabla ya kutoka nyumbani

Anza na kalenda. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Katika miezi ya masika barabara ya kupanda Amani, penye hifadhi ya msitu huko Usambara Mashariki, huteleza, njia za msituni hugeuka utelezi, na Zigi pamoja na mto jirani wa Mkulumuzi hufurika ghafla hata kama jijini hakujanyesha, kwa sababu milima ya Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na maji yote ya upande ule huteremka huku chini. Kwa hiyo miezi ya kuaminika kwa safari za nchi kavu ni Juni hadi Septemba, pamoja na Januari na Februari. Kwa safari za baharini hesabu hubadilika kidogo, kwa kuwa Juni hadi Agosti upepo wa kusi huvuma kwa nguvu na mawimbi huwa makubwa. Mwenye watoto wadogo afadhali angoje kusi ilegee.

Nauli na viingilio visikushtue mlangoni. Hifadhi na maeneo ya kale yaliyo chini ya serikali hutoza Watanzania kiasi kidogo sana ukilinganisha na wageni wa nje, na watoto hutozwa kidogo zaidi, lakini ni vyema kila mtu mzima awe na kitambulisho cha taifa. Malipo mengi sasa hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu, kwa hiyo weka salio na chaji ya kutosha. Palipo na msitu mnene mtandao hupotea, na si jambo la kupendeza kusimama getini na watoto sita huku ukitafuta mtandao juu ya kichuguu.

Chakula kinastahili kufikiriwa mapema, maana mandari bila chakula kizuri ni matembezi tu. Pwani tumezoea kila kitu kiungwe nazi, lakini chakula cha nazi huchacha upesi kwenye joto. Wali wa nazi uliopikwa alfajiri na kufungiwa kwenye hotipoti unaweza kuwa umeharibika kabla ya adhuhuri. Chukua vyakula vikavu: chapati, mkate wa kumimina, vitumbua, mihogo ya kukaanga, samaki waliokaangwa wakakauka, mayai ya kuchemsha, na visheti kwa ajili ya watoto watakaoanza kulia njaa kabla gari halijafika Pongwe. Pilau iliyopikwa kwa mafuta huvumilia zaidi kuliko wali wa nazi. Machungwa usibebe kutoka mjini ikiwa unakwenda upande wa Muheza, kwa sababu Muheza ndiko yanakotoka na msimu ukifika huuzwa kando ya barabara kwa bei nafuu. Maji ya kunywa yawe si chini ya lita mbili kwa kila mtu mzima, ukiongeza dumu moja la kunawia mikono na la udhu kwa wanaosali, kwa kuwa njia nyingi za msituni hazina bomba. Vyote hivi vifungwe katika vikapu na vyombo vyenye mifuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.

Mbali na chakula, pakia mkeka, kanga mbili tatu, dawa ya kupaka ya kuzuia mbu, dawa ya mwenye pumu ikiwa yupo, pakiti za ORS, na viatu vinavyofunga mguu. Kandambili ni adui wa safari hizi. Vaeni suruali au nguo ndefu zinazofunika miguu, si kwa sababu ya mbu peke yao bali pia kwa sababu ya upupu, mmea unaotambaa vichakani ambao vinyweleo vya maganda yake vikigusa ngozi humfanya mtoto ajikune hadi alie. Mwonyesheni mtoto upupu ulivyo kabla hajaugundua mwenyewe.

Jambo la mwisho kabla ya safari ni onyo ambalo halina mjadala. Mto wa bondeni si mahali pa kuogea watoto. Pangani na sehemu za chini za Zigi zina mamba, na mamba haonekani mpaka aamue kuonekana. Maji baridi yanayokwenda polepole au yaliyotuama huweza kuwa na konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya kwenye ngozi bila mtu kuhisi chochote. Anayechezesha miguu kwenye kidimbwi kwa dakika chache anaweza kuondoka na ugonjwa utakaojitokeza baadaye kwa mkojo wa damu. Atakayetaka kuoga na apelekwe baharini, penye mchanga na mbali na mlango wa mto.

Amboni, safari ya nusu siku

Kwa familia inayoanza, Mapango ya Amboni ndiyo mahali pa kwanza pa kwenda. Yako kiasi cha kilomita 8 kaskazini mwa jiji, unapofuata barabara ya Horohoro kisha kuchepuka kuelekea Kiomoni, na bajaji au Noah ya kukodi hufika bila taabu wakati wa kiangazi. Ukikodi bajaji, patana na dereva akusubiri, maana kupata usafiri wa kurudi kutoka mapangoni si rahisi kama kupata wa kwenda.

Mapango haya yamechongwa na maji ndani ya mawe ya chokaa ya zama za Jura, yenye umri wa takribani miaka milioni 150. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuelewa namna yalivyotokea ikiwa utamweleza pale pale mlangoni: mvua hufyonza hewa ya kaboni dayoksaidi angani na kwenye udongo, maji yakawa na uchachu kidogo, uchachu ukayeyusha chokaa polepole kwa muda mrefu usiohesabika, na kilichoyeyuka kikaganda tena tone kwa tone kikawa stalaktiti zinazoning'inia kutoka darini na stalagmiti zinazoota kutoka sakafuni. Mkataze kuzishika. Mafuta ya mikono huharibu uso wa jiwe, na kipande kilichovunjwa leo hakitaonekana kimeota tena katika maisha ya wajukuu wake.

Kuna mapango kumi, lakini wageni huingizwa katika moja, na huingizwa wakiwa na mwongozaji. Msikilizeni, hata kama mmekuja mara nyingi. Ndani kuna vyumba vipana ambamo mwanga hushuka kutoka kwenye matundu ya juu, na kuna vipenyo vyembamba ambavyo mtu mzima hulazimika kuinama na wakati mwingine kujibana. Hapa ndipo kanuni ya mtu dhaifu inapofanya kazi. Mtoto mchanga asibebwe mgongoni, kwa sababu kichwa chake ndicho kitakachogonga mwamba mama anapoinama. Abebwe mbele, au abaki nje kivulini na shangazi yake. Bibi mwenye maumivu ya magoti aingie vyumba vya mwanzo, aone uzuri wa dari, kisha atoke, mwongozaji hatakasirika. Kila mtu mzima awe na tochi yake, maana taa ya simu humaliza chaji na humlazimisha mtu kutembea akiwa na mkono mmoja.

Popo wamo kwa maelfu, na watoto hugawanyika mara moja kati ya wanaoshangilia na wanaopiga kelele. Msiwaguse popo wala kinyesi chao, msile chochote ndani ya pango, na mkitoka naweni kwa sabuni kabla ya kufungua vikapu. Mwenye pumu akae nje ikiwa harufu ya mle ndani inambana.

Upo pia upande wa mzimu, ambako watu bado hufika kuomba na kuacha nadhiri zao. Iwe unaamini au huamini, waambie watoto wasicheke, wasiguse vilivyoachwa hapo, na wasipige picha ya mtu anayeomba bila idhini yake. Mwongozaji atawasimulia habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha humu miaka ya 1950 wakitafutwa na serikali ya Mwingereza, na hakika atawasimulia kwamba pango linafika Mombasa, au Kilimanjaro, kutegemea ni nani anayesimulia. Watafiti waliopima mapango hayo mwaka 1994 walikuta refu kuliko yote lina kiasi cha mita 900. Mimi simkatishi msimuliaji. Nawaachia watoto waulize wenyewe njiani kurudi.

Ziara ya pango huchukua takribani saa moja, hivyo kufika saa tatu asubuhi kunakupa nafasi ya kutoka kabla ya jua kuwa kali na kutandika mkeka chini ya miti iliyo nje. Wenye nguvu iliyobaki wanaweza kuongeza majimoto ya Galanos, yaliyo upande wa Mto Zigi, ambayo yalipewa jina la mkulima Mgiriki wa mkonge. Maji yake yana salfa, yananuka kama yai viza, na wengi huyaendea kwa ajili ya ngozi na viungo. Pima joto la maji kwa mkono wa mtu mzima kwanza, na watoto wadogo waishie kutazama.

Kupanda hadi Amani, safari ya siku nzima au ya kulala

Mto Zigi uleule uliouona Amboni ukiwa mpana na wa rangi ya udongo, huko Amani ni kijito cheupe kinachoruka juu ya mawe. Ndiyo sababu ninapendekeza familia iende Amboni kwanza kisha Amani mwezi mwingine: watoto wataunganisha wenyewe kwamba maji ya bomba nyumbani kwao, ambayo jiji la Tanga huyapata kutoka bwawa la Mabayani lililojengwa mwaka 1978 kwenye Zigi, huanzia chini ya miti ile.

Kutoka Tanga unafuata barabara ya Segera hadi Muheza, kisha unaacha lami na kuelekea milimani. Kutoka Muheza hadi Amani ni kilomita zisizozidi 35, lakini usizihesabu kwa mwendo wa lami. Zipe saa moja na nusu hadi mbili, na zaidi kukiwa na tope. Gari lenye chasisi ya juu ni bora. Wasafiri wa basi wanapaswa kuuliza stendi ya Muheza siku moja kabla, kwa kuwa magari ya Amani ni machache kwa siku, na ukilikosa la kurudi utalala huko. Si adhabu, ila afadhali kulala kwa kupanga.

Kituo cha kwanza ni mahali paitwapo Zigi kama mto wenyewe, kwenye lango la hifadhi ya Amani, ambako jengo la habari ni nyumba ya mkuu wa stesheni wa zamani. Wajerumani walijenga reli ndogo kutoka Tengeni hadi hapa mwanzoni mwa karne ya 20 ili kuteremsha magogo. Lipeni viingilio, chukueni mwongozaji, na mwelezeni ukweli kuhusu umri wa watoto wenu na afya ya wazee ili awachagulie njia. Kwa familia yenye mtoto wa chini ya miaka saba, njia fupi za kando ya mto karibu na Zigi zinatosha kabisa. Wenye watoto wakubwa wanaweza kuendelea kupanda kwa gari hadi Amani penyewe, kwenye kimo cha mita 900 hivi, wakatembea hadi kilele cha Mbomole kutazama mabonde yaliyo chini.

Amani ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, ikiwa ya kwanza ya aina hiyo nchini, na ina hekta 8,380. Bustani yake ya mimea ni ya zamani zaidi: ilianzishwa mwaka 1902 na Wajerumani, waliotaka kujua ni mimea gani ya biashara itastawi katika koloni lao, wakapanda humo miti kutoka pande nyingi za dunia, ukiwemo mti wa kwinini. Kwa watoto, bustani hii hufaa kuliko msitu mnene kwa sababu njia ni pana na kila baada ya hatua chache kuna jambo: gome la kunusa, mwanzi mnene kuliko paja la mtu, mbega weusi wenye mikia myeupe wakiruka juu. Wapeni watoto kazi ya kutafuta ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye unyevu na kivuli. Ua hilo, ambalo wataalamu waliliita Saintpaulia kwa jina la ofisa wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga aliyepeleka mbegu zake Ulaya mwaka 1892, leo linapandwa kwenye vyungu vya madirishani duniani kote, na kwao ni hapa. Atakayeliona alitazame, asiling'oe.

Kuna baridi. Watoto waliozaliwa Tanga mjini hawaamini mpaka wafike, hivyo sweta zisisahaulike, hasa Juni hadi Agosti, na koti la mvua libebwe mwezi wowote. Tembeeni msituni asubuhi, kwa kuwa mawingu hupenda kushuka baada ya mchana, na anzeni safari ya kuteremka kabla ya saa kumi alasiri ili kona zile zisiwakute gizani. Kwa wanaotaka kulala katika hema bila kupanda juu sana, Magoroto, iliyo milimani juu ya Muheza, ina ziwa dogo lililozungukwa na msitu. Ni mahali pa binafsi, hivyo weka nafasi mapema, na watoto wawe na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuwatazama tu wakiwa karibu na maji.

Pangani, kwa kufuata bahari

Pangani ni kilomita 50 hivi kusini mwa Tanga. Njiani, ukiwa na nusu saa ya ziada, simama Tongoni utazame magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40, mengine yenye nguzo, ya mji uliositawi katika karne ya 15 na ambao Vasco da Gama aliufikia. Jua la pale ni kali na watoto wadogo huchoka upesi, basi msikae.

Kwa Pangani, fungua kwanza kalenda ya mwezi. Siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo huwa na bamvua, ambapo bahari hupwa sana saa nne asubuhi hivi na kujaa sana saa kumi alasiri hivi. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Ukilijua hilo, ratiba hujipanga yenyewe. Safari ya boti mtoni hupendeza maji yakiwa yamejaa, kwa hiyo siku ya bamvua ni alasiri, jua likiwa limepoa, boti ikipanda polepole kati ya mikoko na minazi hadi mahali ambapo ndege huanza kurudi viotani. Kabla ya hapo tembeeni mjini: boma la zamani, nyumba zenye milango ya nakshi, na ukingo wa mto, ambako mkubwa mmoja awasimulie watoto habari za Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa hapahapa Pangani Desemba 1889.

Katika kukodi boti, usipatane bei kwanza. Tazama kwanza jaketi okozi, uhakikishe zipo za kimo cha watoto na vifungo vyake vinafunga, kisha ndipo muongee fedha. Nahodha asiyekuwa na jaketi za watoto aachwe, hata akipunguza bei nusu. Mikono na miguu isitiwe mtoni.

Maziwe ni safari nyingine, ya siku yake. Kiliwahi kuwa kisiwa chenye miti na mahali pakuu pa kasa kutaga, lakini mmomonyoko ulikimaliza, na sasa ni fungu la mchanga linaloibuka bahari inapokupwa na kufunikwa inapojaa. Hakuna kivuli hata cha kumkinga kuku: chukueni miavuli, kofia, na fulana za mikono mirefu za kuogea, na mwende siku za bamvua, asubuhi, bahari ikiwa shwari. Mwulizeni nahodha saa ya kuondoka kabla ya kushuka chomboni, na saa hiyo isijadiliwe tena. Watoto wenye kuugua bahari wale kidogo tu asubuhi, mkate mkavu na chai ya tangawizi, wakae katikati ya boti.

Wenye kutaka kuvuka mto kwenda Bweni, fukwe za Ushongo au Hifadhi ya Taifa ya Saadani wanapaswa kuulizia mjini hali ya kivuko na ya daraja siku moja kabla, kwa kuwa foleni ya magari siku za sikukuu huweza kula asubuhi nzima. Idi ndiyo hushinda zote kwa msongamano. Familia iliyo na nafasi na iende Jumamosi ya kawaida, itoke Tanga mara baada ya sala ya alfajiri, na iwe imeshapanda gari la kurudi kabla ya magharibi.